Nahodha akirudi akiwa mwanamke

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kirumba, Mwanza, tunatengeneza tamthilia ya kisayansi tunayoiweka YouTube. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu nane. Steringi wetu anaitwa Nahodha tu, hana jina lingine, na ana mtumbwi wa injini unaosafiri kwenye wakati: mara yuko Mwanza ya mwaka 2090, mara yuko enzi za mababu. Mwigizaji wake kapata kazi Dar, harudi. Sehemu ya mwisho iliishia mtumbwi unarudi mwaloni ukiwa mtupu. Kwenye kikundi kuna dada anayeigiza kutuzidi sote, na mimi nataka yeye awe Nahodha. Nusu ya wenzangu wamegoma, wanasema huku kwetu nahodha mwanamke ni kichekesho na tutapoteza watazamaji. Nimesikia Waingereza waliwahi kufanya hivi wakatukanwa sana. Tufanye, au tuandike mhusika mpya wa kiume?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa kufikisha sehemu nane. Wengi huishia ya pili.

Fanyeni. Mpeni huyo dada unahodha. Ila wenzako waliogoma usiwapuuze, maana wameiona hatari ya kweli, sema wameipa jina lisilo lake. Mtazamaji hakimbii kwa sababu ameona mwanamke. Anakimbia akihisi kwamba mtu aliyempenda kaondolewa, na aliyeletwa hana kazi nyingine zaidi ya kuwa mwanamke. Kosa hilo hufanyika kwenye skripti, halafu lawama anabebeshwa mwigizaji.

Hao Waingereza uliowasikia ni wa Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza Novemba 23, 1963. Inafanana na yenu kuliko unavyodhani: msafiri wa wakati asiyejulikana kwa jina bali kwa cheo, Daktari, na chombo chake kwa nje ni kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilianza kuyumba, na ilipofika 1966 watengenezaji wakakwama palepale mlipokwama ninyi. Wakabuni kanuni: Daktari akikaribia kufa, mwili wake wote unabadilika, sura inakuwa nyingine na tabia nyingine, lakini ni yeye yule na kumbukumbu zake. Akaingia Patrick Troughton na kazi ikaendelea. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi hafi. Wenzetu waliigeuza kauli hiyo kuwa sheria ya hadithi yao, na sheria hiyo ndiyo imeiwezesha hadithi yao kudumu miaka yote hii.

Pamoja na kanuni hiyo, kwa zaidi ya miaka 50 walioshika nafasi hiyo kwenye tamthilia yenyewe walikuwa wanaume watupu. Joanna Lumley alimwigiza Daktari mwaka 1999, lakini kwenye kichekesho cha kuchangisha fedha za hisani. Walipoamua kubadilika kweli, mlango waliufungua polepole, na hapa ndipo ningependa uangalie kwa makini. Mwaka 2011 Daktari alimtaja rafiki yake wa jamii moja naye ambaye kwenye baadhi ya miili yake aliwahi kuwa mwanamke. Ilikuwa kauli ya kupita tu, wengi hawakuishtukia. Mwaka 2014 adui yake mkubwa, Master, aliyekuwa akiigizwa na wanaume tangu 1971, akarudi akiwa Missy, mikononi mwa Michelle Gomez, na watu wakampenda. Mwaka 2015 jenerali mmoja wa jamii hiyohiyo alipigwa risasi, akageuka mbele ya kamera kutoka mwanaume mzungu hadi mwanamke mweusi, akainuka akaendelea kutoa amri. Kwa hiyo Julai 16, 2017, BBC ilipomtangaza Jodie Whittaker kuwa Daktari wa 13, ndani ya hadithi hakuna kilichovunjwa. Anayesema kanuni ilikiukwa hakuwa akifuatilia.

Kelele zilikuwepo hata hivyo, na hazikutoka kwa wahuni wa mtandaoni peke yao. Peter Davison, aliyekuwa Daktari miaka ya 1980, alisema anasikitika kidogo kwamba wavulana wanapoteza mtu wa kumwiga. Colin Baker, aliyepokea nafasi kutoka kwake, akampinga hadharani. Mimi hoja ya Davison siioni kuwa ya kijinga. Daktari ni shujaa asiyebeba bunduki, anashinda kwa akili na maneno, na mashujaa wa aina hiyo kwa wavulana ni wachache. Lakini hoja hiyo inadai mvulana hawezi kumwiga mwanamke mwenye akili, na hapo ndipo tunapoachana naye.

Basi, walipoteza watazamaji? Sehemu ya kwanza ya Whittaker, Oktoba 7, 2018, ilitazamwa na watu karibu milioni 11 Uingereza wakihesabiwa na walioirekodi. Huo si mkimbio. Idadi ilishuka baadaye, msimu kwa msimu, na kila mtu ana maelezo yake. Haya ni yangu. Msimu uleule alioingia mwanamke, mwandishi mkuu alikuwa mpya, mtunzi wa muziki mpya, siku ya kurushwa ikahama kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, chombo kikabadilishwa kwa ndani, wasaidizi wa Daktari wakawa watatu wapya kwa mpigo, na katika sehemu zote 10 hakutokea adui hata mmoja wa zamani. Mtazamaji aliyepotea njia hawezi kuorodhesha yote hayo. Anataja lile kubwa linaloonekana, anasema ni kwa sababu ya yule mwanamke. Na skripti, kwa maoni yangu, zilimpa Whittaker maelezo mengi ya kutoa na maamuzi machache ya kumgharimu. Wapo wasiokubaliana nami, tena watu ninaowaheshimu.

Kwenu maana yake ni hii: badilisheni Nahodha tu. Mtumbwi ubaki na rangi ileile, wimbo wa kufungulia uleule, siku ya kupandisha video ileile, na yule msaidizi wake wa msimu wa kwanza abaki kwa gharama yoyote. Msaidizi ndiye mtazamaji mwenyewe aliyeingizwa ndani ya hadithi. Akisita kumwamini Nahodha mpya, watu watasita naye, na siku akimwamini wataamini pamoja naye. Ukimwondoa, umewaacha watazamaji wako bila mtu wa kuwashika mkono.

Kuna jambo la pili nililojifunza kwenye tamthilia hiyohiyo. Whittaker alitangazwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sehemu yake ya kwanza kamili. Mwaka mzima watu wakabishana juu ya mtu ambaye hawajamwona akifanya kazi. Halafu Januari 26, 2020, katikati ya msimu, mama mmoja anayetembeza watalii kwenye mji wa Gloucester anagundulika kuwa naye ni Daktari, mwili uliofichwa ambao hata Daktari mwenyewe haukumbuki. Mwigizaji ni Jo Martin, mwanamke mweusi wa kwanza kushika jukumu hilo. Hapakuwa na tangazo wala mdahalo. Watu walimkuta tayari anaamrisha, na katika dakika zake chache alionekana ana nafasi yake. Kwa hiyo msiweke bango Instagram la "Nahodha mpya ni mwanamke". Picha ya kwenye video iwe ya mtumbwi. Mtazamaji amwone akiwa kazini kwanza, abishane baadaye.

(Aliyekuja kuwa Daktari wa 15, kama bado hujasikia, ni Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Kigali. Wenzako wakisema mambo haya ni ya Wazungu, waambie Kigali iko karibu na Mwanza kuliko Dar.)

Njia ya Daktari, mtu yuleyule kwenye mwili mwingine, si njia pekee. Kwenye Battlestar Galactica ya 1978, tamthilia ya Marekani ya vita vya angani, kulikuwa na rubani wa vita, Starbuck, akiigizwa na Dirk Benedict: mcheza kamari, mvuta sigara kubwa, mpenda wanawake, anayevunja amri. Tamthilia ilipotengenezwa upya mwaka 2003 Starbuck akawa mwanamke, Katee Sackhoff. Benedict alikasirika akaandika makala kali ya kulalamika. Waandishi wapya wao hawakumsafisha mhusika ili afae kuwa mwanamke. Walimwachia sigara, kamari, ulevi na ngumi, wakamwongezea jeraha la utotoni linaloeleza kwa nini yuko hivyo. Kwangu huyo ndiye mfano bora kuliko wote, na ningekuwa wewe ningekaa na kikundi tukamtazama Starbuck kabla ya kumtazama Daktari. Nahodha wenu wa msimu wa kwanza alikuwa na kasoro gani? Kama alikuwa mkali, mdanganyifu wa bei ya mafuta, mtu asiyeomba radhi, basi huyu dada arithi yote. Mkimfanya mpole, mwenye hekima, asiyekosea, mmemuua kwa heshima.

Njia ya tatu ni ya kiti: ofisi ni ileile, mtu ni mwingine kabisa. Star Trek: Voyager, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, ilianza Januari 1995 ikiwa na Kapteni Janeway, Kate Mulgrew, mwanamke wa kwanza kuwa kiongozi mkuu wa chombo kama mhusika mkuu kwenye mfululizo huo wa tamthilia. Mulgrew mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi wakubwa wa studio walivyohangaika na nywele zake, zifungwe, zishuke, zikatwe. Upara wa Patrick Stewart, kapteni wa Star Trek: The Next Generation, nao ulijadiliwa wakati wa usaili, ila baada ya hapo ukaachwa. Ninyi amueni siku ya kwanza: kilemba, rasta au nywele fupi, basi, na mavazi ya kazi ya ziwani yaleyale aliyovaa mwenzake. Suala hilo lisirudi tena kwenye kikao.

Sasa nije kwenye hoja ya "huku kwetu". Kwamba uvuvi wa Ziwa Victoria ni kazi ya wanaume, na kwamba kwenye baadhi ya mialo mwanamke kupanda mtumbwi wa uvuvi huonwa kuwa mkosi, hilo ni kweli na watazamaji wenu wanalijua. Lakini nendeni Mwaloni, soko la samaki hapohapo Kirumba, asubuhi, mtazame nani anapanga bei ya dagaa, nani anakagua gunia, nani anakopesha. Wako wanawake wenye mitumbwi na injini, wenye wavuvi chini yao, wanaoitwa tajiri kama tajiri yeyote. Hapandi mtumbwi, lakini mtumbwi hautoki bila neno lake. Mwigizaji wenu akakae na mmoja wao siku mbili tatu, asikilize anavyomjibu mvuvi aliyerudi na hesabu pungufu. Sauti ya chini, maneno machache, jicho halihami. Uongozi wa kuigiza utapatikana pale, kwa lafudhi yenu wenyewe.

Na ule mkosi msiukwepe, utumieni. Nahodha anasafiri kwenye wakati: akifika 2090 hakuna anayegeuka kumtazama, akifika enzi za mababu wavuvi wanakataa kupanda naye. Sehemu nzima hiyo imejiandika yenyewe. Whittaker alipewa moja ya aina hiyo mwaka 2018: Daktari anatua Lancashire ya karne ya 17, mfalme James hamsikilizi kwa kuwa ni mwanamke, na mwisho anashtakiwa uchawi. Nilipoitazama niliwaza Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Nahodha mwanamke, mgeni, mwenye chombo kinachotokea na kupotea, akianguka katika kijiji cha namna hiyo, atajitetea vipi? Mwanaume mngeweza kumwandikia safari nyingi, hiyo isingewezekana. Ila mkiiandika, msiifanye ya kutisha kwa kutisha. Familia za waliouawa zipo na zinatazama YouTube.

Hilo linanileta kwenye mtumbwi mtupu. Najua ulionekana mwisho mzuri. Lakini mko Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa imebakiza safari fupi kufika hapo, watu mamia wakafa, na mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka pale kisiwa cha Ukara. Chombo kinachorudi bila mtu, kwa mtazamaji wa Igogo au wa Ukerewe, si fumbo la kisayansi, ni msiba. Msiache jambo hilo likining'inia msimu mzima. Fungueni msimu wa pili kwa kulijibu ndani ya dakika tano: Nahodha yu hai, yuko mahali fulani, na si yule mliyemzoea.

Mahali gani? Nina pendekezo, mlikatae mkitaka. Wanasayansi waliochunguza tope la chini ya ziwa wanasema takriban miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Kilomita za mraba karibu 69,000 za maji unazoziona leo zilikuwa nchi kavu, na aina mamia za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, tulizo nazo zilichipuka baada ya maji kurudi. Basi mtumbwi uende huko. Msaidizi anaruka ndani ili amtafute bosi wake, mtambo unawaka, unazima, naye anajikuta amekaa kwenye mtumbwi katikati ya mbuga ya majani, maji hakuna hata ya kunywa. Anakuja mwanamke anatembea kwa miguu, amevaa koti la Nahodha. Hasalimii. Anapiga teke ubao mmoja wa mtumbwi, palepale ambapo mwenzake alikuwa akipiga injini ikigoma, na anauliza mafuta yamebaki lita ngapi. Hakuna hotuba ya "ni mimi, nimebadilika". Teke linatosha. Na unahodha wake unapimwa mahali ambapo hakuna ziwa wala abiria, hivyo uwezo wake hauwezi kutoka kwenye cheo, lazima utoke kichwani. Kwa bajeti, mbuga ni bure, hamtakodi boti wala kulipia mafuta.

Kanuni ya kubadilika mwili mtalazimika kuieleza wakati fulani. Iwe fupi na iwe na gharama. Kwa mfano, kila akibadilika kuna mtu mmoja anamsahau moja kwa moja. Mtu huyo akiwa mama yake aliyeko Sengerema mtakuwa na sehemu ya sita mkononi. Waandishi wengi wa tamthilia za kisayansi hutumia kurasa kumi kueleza mtambo. Mtazamaji anahitaji sentensi mbili na sababu ya kuogopa.

Wavuvi na wasaidizi waendelee kumwita Nahodha. Mkianza kumwita "mama" kuanzia dakika ya kwanza, kila amri yake itasikika kama ombi la kula chakula kabla hakijapoa. Adui akimwita hivyo kwa dharau, sawa, hiyo ni silaha ya adui.

Kwa waliogoma, usibishane nao kikaoni. Fanya usaili. Chukua kurasa mbili za msimu wa kwanza, usibadilishe hata nukta, umpe huyo dada na wanaume wawili wanaoitaka nafasi hiyo. Filamu ya Alien ya 1979 skripti yake iliandikwa wahusika wakiwa wa kuigizwa na mwanamke au mwanaume yeyote, na Sigourney Weaver akaishia kuwa ndiye anayekumbukwa kuliko wote. Rekodini wote watatu kwa simu ileile, mahali palepale, kisha waonesheni watu wasiowajua, nani wangepanda naye mtumbwi usiku. Kama dada atashindwa mtihani huo kwa haki, basi mpeni aliyeshinda, nami nitakuwa nimekosea juu ya mtu, si juu ya wazo.

Mwisho, huyo ndugu aliyehamia Dar. Mpigie wiki hii kabla kazi mpya haijammaliza, umwombe akurekodie sauti kwa simu, sentensi tano au sita za Nahodha wa zamani mtakazozitumia baadaye, akijua zitatumika kwa nini na mkiwa mmekubaliana kwa maandishi. Kwenye sehemu ya mwisho ya Whittaker, Oktoba 2022, Davison yuleyule aliyesikitika alirudi akaigiza sambamba naye, pamoja na Colin Baker. Ukiipata sauti ya huyo ndugu wa Dar, msiitumie kwenye sehemu ya kwanza wala ya pili. Wekeni ya tano, dada akiwa ameshashika usukani.